Siku Mamangu Alipopotea na Droni Yangu Iko Kituoni

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi Kitengela. Nilianza na kamera ya kuazima, nikanunua yangu, halafu wateja wakaanza kuniuliza swali moja: "Uko na droni?" Bibi harusi wa siku hizi anataka kuona hema zake nyeupe kutoka juu, na msafara wa magari ukitoka kanisani kuingia barabara ya Namanga. Ukimwambia huna, anakwenda kwa mwingine. Kwa hivyo nikanunua droni kwa mtu aliyerudi nayo kutoka ng'ambo ndani ya sanduku la nguo. Sikumuuliza kama alikuwa na kibali cha kuiingiza nchini. Nilijua jibu.

Sheria yenyewe niliijua nusu nusu. Nilijua kwamba droni husajiliwa kama gari, na kwamba anayeirusha lazima awe amesoma na kupewa leseni. Nilijua hairuhusiwi karibu na uwanja wa ndege wala juu ya mbuga ya wanyama, na kwetu mbuga iko ng'ambo tu ya mto. Nilijua pia kwamba kabla ya kuipitisha juu ya shamba la mtu unatakiwa umwombe ruhusa. Lakini kila Jumamosi nilikuwa na harusi, na kila Jumatatu nilijiambia kwamba wiki ijayo nitaanza kushughulikia makaratasi.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye bustani ya harusi nje kidogo ya mji, kupita machimbo ya mawe. Niliirusha droni ikafuata maharusi, kisha nikaipeleka mbali ili nipate picha ya uwanda wote. Sikuona ng'ombe waliokuwa wakichungwa upande ule. Walisikia ule mlio juu ya vichwa vyao, wakatimua mbio, na mmoja akaanguka ndani ya timbo lililoachwa zamani. Alivunjika miguu ya mbele. Ikabidi achinjwe pale pale.

Mwenye ng'ombe alikuwa mzee wa Kimaasai, mrefu, mwenye koti la kijivu juu ya shuka. Hakupiga kelele. Alikuja hadi kwenye hema, akasimama pembeni mpaka wimbo ukaisha, halafu akauliza, "Hiyo kitu ya juu ni ya nani?"

Tulisuluhishana mbele ya chifu na mambo ya ng'ombe yakaisha. Niliomba msamaha pale ofisini kwa sababu chifu alikuwa ananitazama, lakini moyoni nililaumu timbo lisilo na ua. Nilitoka pale nikiona nimeonewa.

Polisi nao waliichukua droni. Afande aliyeandika habari zangu alikuwa mwanamke wa rika langu, mtaratibu. Alinieleza bila haraka kwamba mashine isiyosajiliwa, ikirushwa na mtu asiye na leseni, itakaa kituoni hadi nilete vibali. "Si mambo magumu," aliniambia. "Anza na cheti cha tabia njema, halafu uende darasani. Ukimaliza, kuja tuongee."

Nilikwenda kupigwa alama za vidole. Cheti kilipotoka nilikitia kwenye droo. Nilikuwa nimepata kijana wa kukodisha mwenye leseni yake, harusi zikaendelea, na miezi minne ikapita.

Wakati huo nilikuwa naishi na mamangu. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakanunua shamba Isinya zamani, wakati jamaa zao waliwacheka wakiwauliza watapanda nini kwenye nyasi kavu. Walichimba kisima, wakafuga kuku, wakatulea pale, mimi na kakangu. Baba alipofariki tulimzika kwenye shamba hilo hilo. Mama akaanza kusahau. Kwanza alisahau sufuria jikoni, kisha majina yetu, kisha akasahau kwamba baba hayupo. Nikamleta Kitengela ili awe karibu nami. Jioni zikikaribia alikuwa akisimama na kusema anakwenda kufunga kuku. Nilikuwa namwambia, "Nimeshafunga, mami," naye anakaa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilikuwa ndani, nimevaa vidude vya masikioni, nakata na kuunganisha video ya harusi ya watu. Mama alikuwa barazani anachambua maharagwe. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilipotoka kumpa chai, sinia ilikuwa kwenye kiti, nusu imechambuliwa, nusu bado. Lango lilikuwa wazi.

Jirani yetu wa duka aliniambia, "Nimemwona akipita, ameenda huko upande wa timbo. Nilidhani mko pamoja."

Nilikimbia mpaka mwisho wa nyumba za mtaa. Hapo plot zenye mawe ya mipaka zinaishia na uwanda unaanza, nyasi za kahawia mpaka jicho linachoka. Niliita. Ukisimama pale huoni hata nusu ya ardhi iliyo mbele yako, kwa sababu ina makorongo na mashimo ambayo kutoka chini hayaonekani kabisa. Kutoka juu yangeonekana kwa dakika chache. Nilikuwa nimeupiga picha uwanda huo mara nyingi. Nilijua sweta ya mama, kijani kibichi, ingejitokeza kwenye kioo cha rimoti kama jani.

Nikampigia yule kijana wa kukodisha, simu yake haikupatikana. Nikarudi mbio barabarani, nikapanda bodaboda hadi kituoni.

Afande alikuwa pale pale kwenye meza yake. Nilimweleza nikilia. Aliwaita wenzake wawili, akawatuma na gari wapitie barabara ya machimbo, akaandika habari za mama. Kisha nikamwambia, "Afande, nipatie ile droni. Saa moja tu. Nitairudisha hapa hapa."

Aliinua macho. "Mama, hiyo mashine haina usajili. Na wewe hauna leseni. Mbuga iko hapo."

"Sitaenda upande wa mbuga. Ni mamangu, afande. Hajui hata jina lake."

"Najua. Nakusikia. Mimi nikikupa, na ianguke kwa watu ama igonge ndege, nitasema nini? Ngoja nimtafute mwenye kibali."

Alipiga simu mbele yangu. Alimpigia mkubwa wake, aliyekuwa mkutanoni Kajiado, akampigia mtu mwingine, na mwishowe akapata mpimaji wa ardhi mwenye droni iliyosajiliwa, lakini mtu huyo alikuwa Ongata Rongai. Akasema anakuja. Afande akanitazama kama mtu anayeomba msamaha. "Anakuja sasa hivi," alisema. Nilimchukia. Leo nakumbuka kwamba siku ile nzima hakuna aliyefanya kazi kuliko yeye.

Niliporudi uwandani jua lilikuwa limeinama. Majirani walikuwa wameanza kutawanyika wakiita. Mbele yetu akatokea yule mzee wa ng'ombe, na mbuzi wake nyuma yake. Aliponitambua nilitaka ardhi inimeze.

"Takwenya," alinisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia salamu kwa lugha yake.

"Nani anatafutwa?"

"Mamangu, mzee. Amepotea tangu mchana. Anasahau."

Hakuniuliza lingine. Aligeuza mbuzi wake kwa mkono, akatoa simu na kuongea Kimaasai kwa muda mrefu. Neno nililolishika ni moja, *yeyo*, mama, na alilirudia mara nyingi. Haikupita muda wanaume wakaanza kutokea kutoka kila upande, wengine na fimbo, wengine kwa pikipiki. Mzee alitupanga mstari, kila mtu aone mwenzake, na tukatembea tukiangalia kila kichaka. Yeye alikuwa anajua kila shimo. Alikuwa anatangulia na kusema, "Hapa pole pole," kila tulipofika kwenye ukingo ambao mimi singeuona.

Mpimaji alifika jua likizama. Droni yake iliruka, nami nilikodolea macho kile kioo. Kilionyesha majani ya kijivu na vivuli, na vivuli vilikuwa vinazidi kuungana. Baada ya muda mfupi alisema kwa upole kwamba haoni tena kitu, atarudi alfajiri.

Usiku ule ulikuwa wa baridi ya Julai. Sitausimulia.

Asubuhi wanawake wawili waliokwenda kuteka maji walimkuta mamangu kwenye korongo, mwendo wa kama saa moja kutoka nyumbani kwangu. Alikuwa amekaa, mgongo kwenye ukingo, kiatu kimoja hakipo. Mmoja wao alikuwa amemfunika shuka yake. Nilipopiga magoti mbele yake aliniangalia kwa makini, midomo imekauka, akauliza, "Kuku wamefungwa?"

"Wamefungwa, mami."

"Haya," akasema. Akafumba macho.

Hospitalini walituambia baridi imeingia kifuani. Kakangu alikuja kutoka Nakuru siku hiyo hiyo, na tukapokezana kukaa naye. Siku ya tatu tukiwa nje kwenye benchi aliniuliza kuhusu droni, nami nikamweleza yote, ng'ombe, chifu, kituo, na cheti kilichokaa kwenye droo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hivyo ni makaratasi tu ilikuwa inataka." Hakusema kwa hasira. Aliinuka akarudi ndani.

Mama alifariki siku ya nane, asubuhi, nikimpaka mafuta miguuni. Nilikuwa nimefika kwenye kifundo cha mguu wa pili.

Tulimzika Isinya kando ya baba. Watu wa kanisa walikuja kwa mabasi mawili, na yule mzee akaja pia na wazee wenzake watatu, wakasimama nyuma. Watu walipokuwa wakila nilimfuata. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini yaliyotoka ni machache.

"Mzee, ile siku kwa chifu niliomba msamaha kwa mdomo tu. Leo naomba kweli."

Alinitazama. "Ile ng'ombe ilikuwa na ndama ndani," alisema. "Hiyo hukujua."

"Sikujua."

"Mimi sikusema kwa chifu. Nilikuwa nataka tu ujue kwamba huko juu unaona mbali, lakini hauoni mtu." Akanipa mkono. "Pole kwa yeyo. Alikuwa mtu mzuri? Sikumjua."

Nikamwambia alikuwa mtu mzuri. Nikamweleza kidogo habari za kisima na kuku, na jinsi alivyokuwa akiimba akichota maji. Aliniacha niseme. Hakuna mtu mwingine siku ile aliyeniuliza alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu wote walimjua.

Baada ya mwezi nilianza masomo. Nilitoa kile cheti kwenye droo, nikaomba na barua nyingine zilizohitajika, nikajiandikisha darasani Nairobi. Tulikuwa kumi, wengi vijana, wanacheka. Mwalimu alipofika kwenye sheria ya kutoruka karibu na watu na mali za watu bila idhini, kijana mmoja akasema sheria hizi zimewekwa kutubana tu. Wengine wakaitikia. Mimi mwaka mmoja kabla ningeitikia kwa sauti kuliko wote. Nilitazama daftari langu nikaendelea kuandika.

Nilipopata vibali vya kwanza nilikwenda kituoni kuichukua droni ili ikaguliwe na kusajiliwa. Afande aliitoa stoo mwenyewe, imefungwa kwenye mfuko wenye namba. Nilipofungua, betri zote mbili zilikuwa zimevimba. Betri hizi hazitaki kuachwa muda mrefu bila kuangaliwa. Fundi alizigusa akasema zimekufa zamani, pengine tangu mwezi wa kwanza au wa pili wa kukaa stoo.

Nilimpigia kakangu nikamweleza. Akasema, "Basi unaona. Hata wangekupatia siku ile, haingeruka."

Najua alitaka kunitua mzigo. Nilimshukuru. Lakini nilipokata simu nilikaa pale nje ya duka la fundi nimeshika zile betri, nikifikiri kwamba kama ningemaliza masomo kwa wakati, droni ingekuwa nyumbani, juu ya kabati, betri zimejaa. Ningeichukua, ningempigia afande simu, na ningemwona mamangu kabla jua halijainama. Hesabu hiyo nimeipiga kila namna na kila mara inanirudisha hapo.

Leseni ilitoka mwaka uliofuata. Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa Isinya, kwenye chumba cha zamani cha mama, nakunja nguo zake ambazo shangazi zetu wangekuja kuchukua. Niliusoma mara mbili. Nilitafuta mtu wa kumwambia, nikampigia kakangu.

"Imetoka," nikasema.

"Sawa," akajibu. "Hongera."

Nilisikia watoto wake wakicheza nyuma yake.

"Huko Isinya kumenyesha?" akauliza.

Nikamwambia bado.