Risasi za Verlin Zilizoingia Kiubavu

Shemeji yangu Verlin Haugstad hupima kila kitu. Amestaafu karakana ya kuchonga vyuma huko Lewiston baada ya miaka thelathini na minane, lakini maikromita yake, kile kifaa cha kupimia unene, haijastaafu. Inakaa mfukoni mwa shati, pale wenzake wanapoweka miwani. Nimemwona kwa macho yangu haya akipima unene wa chapati za maji alizopika mkewe, Ardith, ambaye ni dada yangu. Chapati, jamani! Dada akamwambia, "Pima na mkono huu kabla haujakufikia."

Basi bwana vipimo huyo alishindwa na bunduki moja kuukuu. Aliinunua kwa mtu kwa mshahara wake wa kwanza, na kila msimu wa mawindo ilimletea mbawala kwa risasi za dukani. Mambo yaliharibika alipoanza kujiyeyushia madini ya risasi bandani na kumimina risasi zake mwenyewe kwenye kalibu. Akajiunga na kilabu chetu cha shabaha, ambacho hakiruhusu risasi nyingine ila za kujimiminia. Kila Jumamosi risasi zake zikawa zinapinduka hewani na kuipiga karatasi kiubavu, zikiacha mipasuko mirefu. Wazee wa kilabu walicheka mpaka kahawa ikawatoka puani.

Mimi, Orrin, sikucheka sana, maana nilikuwa na tamaa yangu. Natengeneza taa za mezani kwa bunduki zilizokwisha kazi, na ile ilikuwa na kitako cha mti wa jozi kizuri ajabu.

"Shem," nikamwambia, "Jumamosi ijayo zikipita kiubavu tena, naichukua bunduki yako, naitoboa napitisha waya wa umeme. Au unaogopa?"

"Nani aogope? Lete mkono!"

Tukapeana mikono mbele ya watu kumi na mmoja. Kwetu ukishatoa mkono umetoa, hata kama moyo unakuuma. Na ulimuuma kweli. Wiki hiyo hakula vizuri. Alibadili baruti, akabadili mafuta ya kupaka, na kila risasi akaisukuma kwenye kile chuma chenye tundu kinachozisawazisha unene. Kitabu kilisema tundu la mtutu wa aina ile lina upana wa mia tatu na nane, ukiigawa inchi moja mara elfu, naye akaongeza moja, kama kitabu kilivyoagiza.

"Mia tatu na tisa!" alinitangazia Jumatano jikoni kwao, risasi hamsini zimepangwa mezani. "Zote! Nionyeshe iliyopotoka!"

Ardith alikuwa anamenya viazi. "Na mtutu je, umeupima?"

"Mtutu una namba yake."

"Sikukuuliza namba. Umeupima?"

Mtu asiyeiamini hata rula mpya alikuwa ameuamini mtutu wenye umri wa miaka sabini! Niliuma ulimi nisicheke. Verlin alitoka kwenda bandani bila kuaga, sisi nyuma yake.

Alihakikisha bunduki haina kitu, akapaka mafuta chubwi laini la madini ya risasi, lile la mshipi wa kuvulia, akalisukuma kwa fimbo ya mti kutoka mwanzo wa mtutu hadi mwisho. Lilitoka limechorwa na mifereji ya ndani. Akalipima. Akalipima tena. Akakaa juu ya ndoo.

"Mia tatu na kumi," akasema. "Mtutu umelika. Risasi zangu ni nyembamba kuliko njia yake, Orrin. Moto unapita pembeni, madini yanaganda ndani, na risasi inayumba kama mlevi."

"Basi zifanye mia tatu na kumi," nikasema, ingawa taa yangu ilikuwa inaponyoka.

"Hiyo hiyo hasa."

"Hiyo hiyo hasa itavuja," Ardith akadakia. "Kizibo kinachoingia chupani bila kubanwa kinazuia nini? Ongeza moja."

"Mke wangu, hii ni bunduki, si achari."

"Haya, endelea kubishana. Orrin kashanunua waya."

Alichukua siku mbili kulikwangua lile tundu la chuma cha kusawazishia risasi kwa msasa laini uliozungushiwa kijiti, akipima kila baada ya dakika chache. Lilipofika mia tatu na kumi na moja aliacha. Akajaribu kama risasi nene zinaingia kwenye chemba ya bunduki bila kukwama. Zikaingia.

Jumamosi Verlin alipiga tano, Ardith akitazama. Mimi ndiye niliyetumwa kuleta karatasi, na nilipoiona nilisonya peke yangu kule mbele. Matundu matano, yote duara, yote ndani ya kiganja cha mkono. Alikuwa wa saba siku hiyo, lakini bunduki ilibaki yake.

Wazee wakamzunguka. "Umefanya nini, Verlin? Tuambie siri!"

Nilijua atasema ni madini mapya. Ningeweka dau.

"Nilikosea," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye magari. "Nilipima risasi, sikupima mtutu. Ardith ndiye aliyeniambia. Na hata unene wa kuchagua aliuchagua yeye. Mimi nilibisha."

Dada yangu, mwenye neno la kumjibu kila mtu, alinipa kikombe chake nimshikie, akaenda kusimama nyuma ya gari. Nikamfuata.

"Unalia?"

"Niache," akasema, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Orrin. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema amekosea."