Pikapu ya Mkwe Wangu Iliyotakiwa Kunyamaza

Mwanangu, juzi ulijisifu mbele yangu kwamba tangu uoe, nyumbani kwako hakusikiki hata neno la kulalamika. Mimi ukimya wa aina hiyo nauogopa, na nakumbuka vizuri nilikojifunza kuuogopa.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi kijana hapa Voi, kwenye gereji ya karibu na stesheni. Moyo wangu wote ulikuwa kule juu milimani, Werugha, kwa mama yako, Wakesho. Baba yake, Mzee Mwakio, alikuwa akishusha kabeji sokoni kwa pikapu. Posa yangu ilikuwa imemfikia, na hakuwa amejibu. Jioni moja akaileta pikapu ilale kwetu ipoe, maana valvu, vile vilango vya ndani ya injini, hazirekebishwi injini ikiwa moto.

"Inalialia hii," akaniambia. "Nataka inyamaze kabisa. Nijue kama nitampa binti yangu fundi ama mpiga domo."

Asubuhi nikafungua kifuniko cha injini. Juu ya valvu lazima ubaki mwanya mwembamba kama ukucha, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Ukiubana wote, ule mlio unakwisha, lakini valvu haifungi tena sawasawa, inavujisha moto mpaka inaungua. Kumfurahisha mzee kulitaka kugeuza spana kidogo tu, na mama yako nilimtaka, wee! Lakini mkono ulikataa. Nikaacha mwanya wake.

Akawasha, akasikiliza, akanuna. "Si bado inalia?"

"Mzee, ikinyamaza itakufia mlimani."

"Unanitisha na gari langu mwenyewe?"

Akaipeleka kwa fundi mwingine, naye akaibana, ikanyamaza. Nikajua posa yangu imekwenda na maji. Chakula kilinishinda.

Haikuchukua muda, pikapu ikamfia kwenye zile kona za juu ya Mwatate, kabeji zikaharibikia juani. Ikarudi kwangu ikivutwa na trekta. Mzee hakuniomba radhi, wazee wetu hawakuwa na mazoea hayo. "Itengeneze," akasema. "Na uiache ilie." Alipofika mlangoni akageuka. "Waambie wazazi wako waje Jumamosi. Wasisahau mtungi wa mbangara." Mbangara ndiyo pombe yetu ya posa. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniona nimerukwa na akili.

Basi mwanangu, mkeo akilalamika kwamba unachelewa kurudi, usimbane ili anyamaze. Mwachie nafasi aseme, nawe useme, kisha mle pamoja. Mama yako amenigombeza miaka yote hii. Hata leo asubuhi amenifokea kwa kuingia sebuleni na viatu vya grisi, nami nikavivua.

Nenda nyumbani sasa. Muulize mkeo ni jambo gani amelinyamazia, halafu ukae umsikilize mpaka amalize. Mungu akupe masikio ya kuvumilia jibu lake, na aijalie nyumba yako iwe na sauti za watu wanaopendana mpaka mzeeke.