Binti Yangu Ana Miaka Themanini na Minne

Nilichagua kufuga kuku kwa sababu kuku hawana safari. Ng'ombe atataka kupelekwa mtoni, mbuzi atataka kutafutwa kwa jirani, lakini kuku na mimi tunaelewana: kila mtu akae kwake. Nina kiti changu karibu na jiko, nina mto wangu wa kuweka mgongoni, na ninaishi na mama yangu, au mama yangu anaishi nami, inategemea unamwuliza nani.

Kwa hivyo mama aliporudi kutoka kanisani na fomu mkononi, nilijua kuna mtu atatoka nyumbani, na si yeye.

Wazao wa mzee aliyefyeka ukingo wetu wa Tetu, huu mgongo wa kilima tunaokaa, walikuwa wameanzisha chama. Si chama cha kuweka akiba, hicho ningekielewa. Hiki kilikuwa cha kuthibitisha kwamba wewe ni damu ya yule mzee. Unaandika jina lako, la baba yako, la babu yako, unapanda hivyo mpaka ufike kwake, na kila ngazi iwe na ushahidi. Majina ya wakuu wa nyumba zitakazothibitishwa yangechongwa kwenye jiwe kubwa pale juu, karibu na kisima. Fundi wa mawe angeanza kazi Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Mama mmoja ameniuliza mbele ya watu, ati nyinyi mtaandikwa upande gani," mama akasema. "Usiporudisha hiyo fomu, baba yako atakuwa alipita hapa kama upepo."

Baba alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Aliipanda miti yote unayoiona ukisimama langoni petu. Nikachukua kalamu.

Niliijaza fomu kwa dakika kumi nikiwa kitini, nikampa mama aipeleke, nikajipongeza. Siku iliyofuata katibu wa chama, mwalimu mstaafu ambaye bado hutembea na kalamu nyekundu mfukoni, alifika langoni kunirudishia.

"Umenakili," akasema.

"Nimenakili wapi, mwalimu?"

"Jina lako ni la babu yako. Jina la baba yako ni la baba ya babu yako. Majina mawili yanapokezana mpaka juu kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja. Nitajuaje kama hawa ni watu watano ama ni wawili wamezungushwa?"

"Mwalimu, si ndivyo sisi huitana? Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake."

"Mimi najua. Jiwe halijui. Nataka shahidi. Mtu aliye hai, aliyemwona baba ya babu yako kwa macho, atie sahihi hapa chini. Na uitunze hii fomu, imepigwa muhuri, hakuna nyingine."

Mtu wa namna hiyo alikuwa amebaki mmoja duniani: shangazi yangu wa Giakanja, dada mkubwa wa baba. Miaka themanini na minne, meno yake mwenyewe, masikio yanayosikia hata asiyoambiwa. Nilikuwa nimemkwepa kwa muda mrefu, na sababu ni lile jina. Mimi nimepewa jina la babu, na babu ndiye baba yake. Kwa hivyo shangazi huniita baba. Si kwa utani. Nikiingia kwake hunipa kiti cha kwanza na kipande kikubwa cha nyama, halafu hunishtaki kwa mambo yaliyotendeka kabla sijazaliwa.

Nilimkuta akichambua maharagwe mlangoni.

"Baba, leo umekumbuka uko na mtoto," akasema.

Nilimweleza habari ya fomu. Akaisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua.

"Babu yangu nilimjua vizuri. Nilikuwa nikimwondolea funza miguuni. Nitatia sahihi."

"Asante, shangazi."

"Ukishanipeleka Nanyuki."

Nikauliza Nanyuki kuna nini.

"Unajifanya umesahau," akasema. "Ulienda huko na kondoo wa kuuza, ukamchukua ndugu yangu, ukaniacha. Akarudi amekaa mabega juu. Ati ameona treni. Ati iko na macho mawili makubwa, na inalia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Nililia. Ukasema, nyamaza, mwaka ujao ukimaliza kuvuna maharagwe nitakupeleka." Akaninyooshea ungo. "Haya. Maharagwe hayo hapo."

"Shangazi, treni hupita hata hapo Kiganjo."

"Kiganjo nimepita mara nyingi. Kila nikipita iko mahali pengine."

"Na ya televisheni?"

"Hiyo ni ya televisheni. Mbona ulimchukua yeye, baba?"

Ndugu huyo ni baba yangu mzazi, na bado nikajikuta najitetea. "Labda kwa sababu yeye ndiye mvulana mkubwa."

"Mkubwa ni mimi."

"Basi nilikosea."

Akakaza kitambaa kichwani, ameridhika. "Kukosea si neno. Neno ni kurekebisha."

Nilirudi kwa mama nikitarajia huruma. Mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniuliza kama nitavaa koti la kahawia au la kijivu.

Tulisafiri Ijumaa, kwa pikapu ya jirani anayepeleka kabichi Nanyuki. Shangazi alikaa mbele na dereva, mwavuli magotini. Mimi nilikaa nyuma na kabichi, mto wangu mgongoni, maana sikuona sababu ya mgongo kuteseka kwa ahadi ya marehemu. Kila tulipopita tuta shangazi aligonga kioo.

"Baba, umekaa vizuri?"

Dereva alinitazama kwenye kioo chake tangu Kiganjo mpaka tulipofika, na sikumlaumu.

Treni ya abiria ilitarajiwa alasiri. Tulikaa stesheni kwenye benchi, tukala viazi vitamu alivyobeba kikapuni, tukanywa chai ya chupa. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyofumwa vizuri, alikaa karibu nasi akimngoja mgeni wake. Akamsalimu shangazi kwa heshima, akauliza nasi tunamngoja nani.

"Hatungoji mtu," shangazi akasema. "Baba yangu aliniahidi kunionyesha treni."

Yule mzee akaangalia huku na huku akimtafuta baba. Shangazi akanionyesha kwa kidole. Mzee akanitazama, akamtazama shangazi, akanitazama tena.

"Mashallah," akaniambia. "Umejitunza."

Nilishukuru.

Treni ilichelewa kidogo, na katika ule muda nilipata hofu ambayo sikuitarajia. Sikuogopa fomu. Niliogopa kwamba ataiona, atasema ndiyo hii tu, na miaka yote ile ya kungoja iniangukie mimi, niliyevaa koti la kahawia na jina la mtu mwingine.

Ikaja. Shangazi alisimama, mikono miwili juu ya mwavuli. Behewa moja baada ya jingine likampita usoni mpaka treni ikasimama. Alisogea, akaigusa ubavuni kama mtu anayepima joto la mtoto. Akatembea mpaka mbele kabisa, akaitazama uso kwa uso.

"Haina macho," akasema.

"Zile ni taa, shangazi."

"Taa si macho." Akaitazama tena. "Ndugu yangu alikuwa mwongo." Na hapo akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichopanda polepole mpaka ikabidi nimshike kiwiko. "Maisha yake yote. Na mimi nikimwonea wivu, ati macho." Akajifuta kwa ncha ya leso. "Lakini ni ndefu. Hakuniambia ni ndefu hivi. Leta fomu."

Aliandika juu ya kifuniko cha kikapu. Alisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, akiwa na wajukuu tayari, na huandika kila herufi kana kwamba itakaguliwa. Jina lake. Umri wake. Kwamba alimjua babu yake, na kwamba babu yake alikuwa mwana wa mwana wa mwenye ukingo. Halafu akafika penye nafasi ya uhusiano wa shahidi na mwombaji, akaandika: BINTI.

"Shangazi, hapo andika shangazi."

"Nani amenileta hapa?"

"Mimi."

"Basi."

"Fomu ni moja tu. Wataikataa. Baba hataandikwa kwenye jiwe."

"Baba yangu ama yako?" akauliza, akafunga kalamu na kunirudishia.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea katibu. Mama alikuja pia, akasimama nyuma yangu kama nimefukuzwa shule. Katibu alitoa kalamu nyekundu, akasoma kwa sauti.

"Mwombaji, miaka arobaini na sita. Shahidi, binti yake, miaka themanini na minne." Akavua miwani. "Ulianza mapema."

"Mwalimu, naweza kueleza."

"Unieleze nini?" Aliitazama ile herufi ya B, iliyoandikwa kwa jasho. "Cucu yangu, mama ya baba, alikuwa akiniita bwana yake, maana nilipewa jina la babu. Akipakua chakula, baba yangu anangoja mimi nipewe kwanza. Nilikuwa na miaka sita." Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Sahihi kwa desturi. Akapiga muhuri.

Mama alitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu lile swali la kanisani.

Siku ya kulifunua jiwe nilitoka nyumbani tena, mara ya nne mwezi huo, na kuku waliniangalia kwa mashaka. Jina la baba liko mstari wa nne. Mama alipitisha kidole juu yake, akasema herufi ni ndogo kuliko za nyumba ya yule mama wa kanisani, akapitisha kidole tena.

Shangazi hakulitazama jiwe sana. Alikuwa amekaa na wanawake wa rika lake, mwavuli magotini, na nilimsikia nikiwa mbali.

"Mimi nimeona treni. Si ya televisheni. Baba alinipeleka Nanyuki."

Wale wanawake wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika kikapu chake. Nikaitikia kwa kichwa, kama mzazi.