Sauti za Bibi Twilumba

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, mwanangu, baridi ya Makambako ikiwa imegandisha madirisha ya chumba changu pale Lyamkena, nilipofuta sauti ya marehemu kwa uvivu wa kusoma mistari miwili.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi na mwenzangu Tumsifu tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kuwafundisha watoto wa mjini lugha yetu ya Kibena: mtoto anagusa picha, anasikia neno lake. Sauti ilikuwa ya bibi yake Tumsifu, Bibi Twilumba wa Kitandililo. Kwa majuma kadhaa tulimrekodi jikoni kwake akimenya viazi, na kila neno alilisema mara mbili, akidhani simu nayo ina masikio mazito kama yake. Kisha akaugua, na kabla hatujamaliza kazi, akafariki.

Familia ikapanga siku ya kuweka msalaba kaburini, ndugu wote wawepo. Mama yake Tumsifu aliniomba jambo moja tu, kwamba siku hiyo waisikie sauti ya mama yake. Rekodi zote zilikuwa kwenye kompyuta yangu. Simu ya Tumsifu ilikuwa imejaa, akazifuta kwake kwa kuniamini.

Asubuhi ile, siku moja kabla ya shughuli, nilizihamishia rekodi ndani ya folda ya mradi, nikaiamuru kompyuta iijenge programu, iwe tayari kuwekwa kwenye simu. Ikakataa. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Sikuyasoma, mwanangu, nilishajiona fundi. Nikabadilisha hiki, nikahamisha kile, nikajaribu tena, ikakataa tena. Mwishowe nikafuta mradi wote moja kwa moja, bila hata kupitia kapu la taka la kompyuta ambamo ningeweza kuuokoa, nikaanza upya kwa nakala ya zamani niliyokuwa nayo.

Ikajengeka. Nilicheka peke yangu. Nikagusa picha ya mahindi, kimya. Nikagusa nyingine, kimya. Hapo ndipo nilipokumbuka rekodi zilikuwa wapi.

Dirisha la maandishi mekundu lilikuwa bado wazi. Sasa nikalisoma. Lilisema faili la salamu ya Kibena ya bibi, "Bibi Kamwene", halikubaliki, kwa kuwa jina lake lina herufi kubwa na nafasi katikati. Ni hilo tu. Kubadilisha majina kungenichukua dakika chache. Nilipanda basi hadi Njombe kwa fundi mmoja ajaribu kuzirudisha rekodi, akahangaika na kompyuta ile mchana kutwa, akanirudishia akitikisa kichwa.

Jioni nilimweleza Tumsifu mlangoni kwao. Hakunifokea. Alisema, "Ilikuandikia salamu ya bibi, kaka. Ukaifuta bila kuisoma."

Kesho yake Kitandililo nilimwendea mama yake nikamwambia mwenyewe. Akaniuliza kama kuna hata neno moja lililobaki. Nikasema hakuna. "Haya," akasema, akaenda kupokea wageni. Watu waliimba, msalaba ukawekwa, nami nikabeba mchanga na vijana wengine kwa kuwa sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mwaka uliofuata Tumsifu alihamia Njombe. Tukikutana tunasalimiana vizuri, lakini kazi pamoja hatukufanya tena.

Mwanangu, kompyuta ikikukatalia, ondoa mikono kwanza. Soma kosa la kwanza kabisa, maana mengi yaliyo chini yake huzaliwa na hilo. Badilisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse kingine. Na kabla hujafuta chochote, jiulize ndani yake mna kitu cha nani. Kama ni cha mtu asiyeweza kukisema tena, hakikisha kipo na mahali pengine. Usione haya kumpigia mwenzako. Tumsifu ndiye aliyeyapa mafaili yale majina, na mimi namba yake nilikuwa nayo.

Mungu akupe macho yenye subira, mwanangu, na kazi ya mikono yako isije ikamnyamazisha mtu.