Mgeni Mwekundu

Nilipokuwa mtoto, zamani za Wabelgiji, nyumbani kwetu, upande wa Kabambare, moto ulikuwa na jina miezi ya mvua tu. Kiangazi kikiingia, nyasi za paa zikianza kulia kama karatasi, nkambo wangu, mama yake baba, alilifunga jina lile mpaka mvua irudi. Tukawa tunasema "mgeni". Mgeni iko mafigani. Mgeni amelala. Aliyeponyokwa na neno lenyewe hakupata bugali jioni ile, na mimi, ambaye ulimi wangu haujapumzika tangu nizaliwe, nililala njaa mara nyingi kuliko wenzangu wote.

"Ukimuita jina yake," alisema nkambo, "anazania umemualika. Na haji peke yake, anakuja na ndugu zake."

Mgeni huyo alikuwa na heshima zake. Kiberiti kilikuwa kitu cha wenye duka. Sisi tuliomba kaa la moto kwa jirani na kulibeba juu ya kigae, na ilikuwa lazima lifunikwe majivu. "Muvike nguo, asitembee uchi." Tena mlangoni ulikaa mtungi wa maji ambao hatukuthubutu kuugusa hata koo likauke. Ulikuwa wa mgeni. Asipoukuta, atakula nyumba.

Desturi hizo nkambo alikuja nazo kutoka kwao, Nyangwe, alipoolewa. Nje ya uwanja wetu hakuna aliyezijua. Shikeni neno hilo.

Mwaka ninaousema, pamba ya baba ilijaa nyumbani mwa nkambo karibu kugusa paa, ikingoja siku ya soko. Pamba siku hizo haikuwa mali yako, ilikuwa shingo yako. Ikipotea, hata kwa kuungua, kapita, msimamizi wa pamba kijijini, alikuita mvivu, na mvivu alilazwa chini akachapwa fimbo mbele ya watoto wake.

Basi mchana mmoja, upepo unavuma, shangazi Salima alikwenda kuomba mgeni kwa jirani. Alikuwa na haraka ya kupika sombe lake, majani ya muhogo, hakuweka majivu. Alipopita kando ya paa la nkambo, upepo ukalamba kigae. Cheche ikaruka, ikatua kwenye nyasi taratibu, kama mtu aliyefika kwake.

Nkambo alinyakua mtungi wa mlangoni akaumwaga wote. Moto ukapungua, haukufa. Akashika jembe, akaanza kuzikokota chini nyasi zinazowaka. "Kimbia," aliniambia. "Ita watu."

Nikakimbia. Mbio zangu zilijulikana hata Kasongo, na kama hazikujulikana, hilo ni kosa la Kasongo. Lakini neno lenyewe nililiogopa. Nikilitaja, ndugu zake watakuja, na mgongo wa baba ndio utakaolipa. Nikapita kati ya kijiji nikipaza sauti: "Mgeni amefika kwa nkambo!"

Mzee Amisi alikuwa anasuka mtego wa samaki. "Mugeni gani, we mutoto?"

"Mwekundu."

"Mwekundu namna gani?"

"Mwekundu kabisa. Tena iko na hasira."

Kwetu, mwekundu mwenye hasira alikuwa mmoja tu: muzungu wa pamba, mkubwa wa kapita, aliyepita akikagua mashamba. Mzee Amisi akasahau kiuno kilichomuuma tangu kabla sijazaliwa, akaingia porini. Wanaume wote wakamfuata, na baba, ambaye hakuwa amemaliza kung'oa mashina ya pamba shambani kama ilivyoamriwa, alikuwa mbele yao. Nikabaki nimesimama katika kijiji kisicho na mwanaume, nyuma yangu moshi.

Wanawake walifanya jingine. Mgeni, hata mwenye hasira, hupewa maji kwanza. Mama Zaina, jirani yetu, akajitwika mtungi, wenzake vibuyu na sufuria, wakaja wamejifunga vitambaa vyao vizuri. Walipoona paa hawakuuliza kitu. Walimwaga, wakapiga kwa majani mabichi ya migomba, mpaka ukabaki moshi mweupe na harufu. Pamba ililowa kidogo upande mmoja. Kesho yake tuliianika.

Mama Zaina aliketi chini akihema. "Na mimi nilikuja kunawisha muzungu mikono."

"Umemunawisha," nkambo alisema. "Angalia, hata wekundu umemutoka."

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Baba alirudi jua linatua, miiba kichwani. "Alienda?" akanong'ona.

"Alienda," nkambo alisema. "Hata kuaga hakuaga."

Baba akatazama paa. Akaingia ndani, akazamisha mikono yote miwili katika pamba, akasimama hivyo kitambo kirefu. Akatoka. Alichukua ule mtungi mtupu, akashuka mtoni mwenyewe, kazi ambayo sikupata kumwona mwanaume akiifanya.

Leo nalala chini ya mabati, na sijui kama moto una masikio. Nijualo ni kwamba nkambo alitufahamu: katazo tungelisahau, mgeni hatumsahau. Kila kiangazi naweka mtungi mlangoni, na mke wangu huniuliza ninamngojea nani.

"Simungojei," namwambia. "Naweka ili asije."