Luela na Jina Nililomtajia

Atakayesema bibi huyu amechanganyikiwa, aseme tu. Mimi siku ile nilikuwa nimekunywa uji wangu, dawa ya presha nimemeza, na majina ya wajukuu wangu kumi na mmoja ninayo yote kichwani. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mlangoni kwetu, hapa Buffalo, Marekani.

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo ananisomea mjukuu wangu Goreth. Tulipokuwa Louisville alipata kitabu kwenye duka la mitumba, cha Kiingereza, habari za mji mdogo ambamo watu wanauawa na mama wa posta, Heti, anamtafuta muuaji; kumbe kina wenzake wanaofuatana. Goreth anasoma kimoyomoyo, halafu ananisimulia kwa Kiswahili chetu cha kambi ya wakimbizi. Vitamu vitabu vile, nawaambia! Tukahamia Columbus navyo, tukaja huku navyo, mpaka vikafika saba. Goreth akisahau mtu ananiuliza mimi.

"Bibi, huyu nani tena?"

"Amosi, muoka mikate. Yule mwenye unga kwenye nyusi."

Jumapili moja tukamaliza cha saba, cha mwisho. Heti anaolewa, mji mzima umekuja, Amosi kabeba keki mwenyewe. Goreth alilia kwa raha. Mimi nikauliza, "Na Luela je?"

"Luela gani?"

"Dobi wa kitabu cha pili. Alitoka kuanika nguo, hakurudi. Nani alimuua?"

Akacheka. "Yoo, Bibi! Mwandishi mwenyewe kamsahau. Kitabu cha nane utaandika wewe."

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, theluji inaanguka, Goreth yuko kazini ghalani. Nikasikia mlangoni, "Bibi, nifungulie." Sauti ya Goreth. Nikafungua.

Alikuwa mama wa Kizungu, mwembamba, nguo zinachuruzika maji, vidole vimekunjamana kwa kufua. Nyuma yake theluji haikuwa na alama hata moja ya mguu. Akasema, kwa sauti ileile ya mjukuu wangu (nyingine angeipata wapi, kama mimi nilimjua kwa mdomo wa Goreth tu?):

"Ni wewe peke yako uliyenikumbuka. Nani aliniua?"

"Sijui, mwanangu. Kitabu hakikusema."

"Mtaje." Akaingiza mguu ndani. Maji yakafika kwenye kandambili zangu, baridi kama ya kisimani. "Mtaje, au nikae humu nimngoje mwenye sauti hii."

Goreth wangu! Wewe ungefanya nini? Nikataja jina la kwanza lililonijia. "Amosi."

Akainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru, akaondoka.

Goreth aliporudi nikamwambia afungue ile harusi. Akasoma, "Keki ikaletwa."

"Na nani?"

"Haijaandikwa."

"Si Amosi?"

"Amosi gani, Bibi?"

Tulifungua vitabu vyote saba. Duka la mikate lipo, tanuri lina moto, mwenyewe hayupo.

Sasa niwaambie kinachoniuma. Kwetu Burundi, wakati wa vita, walikuja watu mlangoni kwa jirani yetu Nahimana, wakamwambia ataje jina. Alikuwa na watoto ndani. Akamtaja mume wangu, Melkiori. Miaka yote hii nimemlaani Nahimana. Siku hizi nikitaka kumlaani, midomo inakuwa mizito.

Goreth nimemwambia atembee na ufunguo wake. Sauti yake ikiniomba mlango, simfungulii, hata kama ni yeye kweli, hata kama anaganda.

Nanyi mnaosoma, mkiulizwa jina msilolijua, hata na sauti mnayoipenda, semeni hamjui, mseme hivyo mpaka mwisho. Mimi kila jioni, saa kumi na moja, nasikia harufu ya mkate mlangoni, na nyumba hii hakuna anayeoka. Anagonga polepole, ana adabu zake. Amekuja kuuliza nani alimtaja.