Dirisha la Mpakani Halina Buko

Pale Kapata, mtaa wa Kolwezi nchini Kongo, katika safu za nyumba ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, kuna mambo ambayo haamui padri wala chifu wa mtaa. Anaamua Mama Adolphine. Binti akiposwa, hupelekwa kwake afundwe. Mchumba akileta mbuzi aliyekonda, Mama Adolphine ndiye anayeitwa kusema kama huyo ni zawadi au ni tusi. Bado haijasikika siku ambayo alisema ni zawadi.

Ni mjane, mfupi, mwenye sauti nzito inayowabeba wenzake wote wa kwaya. Analima matembele nyuma ya nyumba na kuyauza mlangoni, na ukija kununua utaondoka na matembele na shauri ambalo hukuliomba. Watu humnung'unikia, lakini wakipatwa na msiba huanza kwake kabla ya kwenda kanisani, kwa sababu moyo wake ni mkubwa kuliko mdomo wake, na mdomo wenyewe si mdogo.

Jambo alilolishikilia kuliko yote ni buko. Buko ni ile heshima iliyopo kati ya mama na mume wa binti yake. Hawatazamani usoni. Hawapeani mikono wala hawali sahani moja. Mama mkwe hatamki jina la mkwe wake kabisa, mpaka siku buko litakapofunguliwa, mkwe alete zawadi, wazee wa pande mbili washuhudie, na watu wale pamoja. Vijana wa siku hizi wa Kolwezi wanalichezea. Kuna kijana mmoja wa Kasulo aliyempakia mama mkwe wake kwenye pikipiki kwenda sokoni, mama wa watu amemshika kiunoni mchana kweupe. Mama Adolphine alimtoza mbuzi, na pikipiki akaamuru ioshwe.

Sasa mkuki kwa nguruwe. Binti yake wa pekee, Wivine, aliolewa na Guelord Mukalay, fundi wa malori makubwa ya kubebea shaba, mtu wa kule Kasaji. Kabla buko halijafunguliwa, baba yake Guelord aliugua, akafa, kisha Guelord akapata kazi Chingola, ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, akahama na mke wake. Kila mwaka sherehe ilisogezwa mbele. Kwa hiyo Mama Adolphine alikuwa na mkwe ambaye hakuwahi kumtazama hata mara moja. Siku ya harusi yenyewe alijifunika kitenge toka mwanzo hadi mwisho, akacheza ngoma akiangalia miguu yake.

Mimba ya kwanza ya Wivine iliisha vibaya. Mtoto alizaliwa kimya. Wakati huo mama yake alikuwa bado Kapata akisubiri pasipoti, na habari aliipata kwa simu, amekaa kwenye ngazi ya mlango na fungu la matembele mkononi. Wivine hakusema mengi. Alisema tu, "Mama, nilikuita." Maneno hayo mawili yalimkaa Mama Adolphine kifuani, hayakutoka. Akaapa kwamba mimba nyingine ikija, atakuwa chumbani humo humo, iwe isiwe.

Basi ilipokuja nyingine alifunga mzigo mapema, akavuka mpaka wa Kasumbalesa, akagongewa muhuri wa mgeni wenye idadi ya siku za kukaa, ule ambao Kolwezi huuita kashe, akaingia Chingola kwa binti yake.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Guelord akirudi kazini anakohoa getini, kikohozi kirefu cha adabu, na Mama Adolphine anakimbilia chumba cha nyuma. Picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni aliomba igeuzwe, ikabaki inautazama ukuta. Akiwa na neno la kumwambia mkwe, haongei naye, anaongea na sufuria, mlango umefungwa na sauti imepandishwa.

"We sufuria, ambia mwenye nyumba, bibi yake hakukula muzuri depuis asubui. Atafute ndizi."

Na sauti ya Guelord inajibu kutoka sebuleni, kwa unyenyekevu, "Sufuria, mwambie mama, ndizi zitakuya."

Wivine, tumbo liko mbele, hucheka mpaka anashika ukuta. Na ndizi zilikuja, kila mara, tena zilizoiva vizuri.

Mama Adolphine alimpenda mkwe wake kwa masikio. Alikijua kikohozi chake na viatu vyake. Alimsikia anavyofunga mlango polepole mke akiwa amelala, na anavyoimba huku anaosha vyombo, kazi ambayo marehemu Rémy, mumewe, Mungu amlaze pema, hakuigusa hata siku moja. Uso tu ndio hakuujua.

Lakini watoto hawazaliwi kwa kalenda ya uhamiaji. Siku za ugeni zilikaribia kwisha na Wivine alikuwa bado. Watu wa mpakani wote wanajua la kufanya. Unatoka, unaingia Kongo, unakunywa hata soda, unageuka na kuomba siku mpya. Ila kupewa si haki. Yule aliyeko dirishani ndiye anayeamua, na akikataa, umebaki upande wako.

Waliondoka asubuhi. Guelord aliendesha, Mama Adolphine alikaa kiti cha nyuma, kitenge kichwani, uso kwenye kioo, na hakuna aliyesema neno maana sufuria ilibaki nyumbani. Wivine walimwachia jirani, Joyeuse, naye mtu wa Kolwezi. Guelord alibaki na gari upande wa Zambia, mama akatoka kwa miguu, akaingia Kongo. Alikuwa bado hajaifungua soda yake simu ilipolia. Ni Joyeuse.

"Mama, usiogope. Uchungu umeanza. Tuko ku kliniki, Wivine eko nakuuliza. Bwana yake nimemuambia."

Soda aliiacha pale pale mezani. Alirudi mbio, na kwa mwili ule na umri ule haikuwa mbio ya kutazamwa, lakini alifika kwenye foleni ya kuingia Zambia. Akina mama wafanyabiashara walipomsikia anavyohema na anachosema, wakampisha mpaka mbele.

Dirishani alikuwapo ofisa wa kike, mtu mzima, mwenye miwani. Aliongea Kibemba cha polepole, nacho Mama Adolphine anakisikia vizuri, akajibu kwa Kiswahili chake cha Kolwezi, na walielewana.

"Umetoka leo hii na leo hii unarudi. Kuna nini?"

"Mutoto wangu eko nazala, mama. Sasa hivi. Mi ndiye mama yake."

"Unakaa kwa nani?"

"Kwa mutoto wangu."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya bwana yake."

"Na huyo bwana yake anaitwa nani?"

Mama Adolphine akainamia miguu yake. Ofisa alisubiri, kalamu hewani.

"Hulijui jina lake?"

"Ninalijua."

"Basi nitajie."

"Hapana, mama. Shiwezi."

Ofisa aliifunga pasipoti, akaiweka pembeni. Alieleza bila ukali kwamba mtu anayerudi siku hiyo hiyo lazima ajulikane anapokewa na nani, na kwamba mgeni asiyeweza kumtaja mwenyeji wake hapitishwi. Kisha akauliza kama mwenyeji huyo yuko karibu. Mama Adolphine akaeleza gari lilipo, akatumwa mtu kumwita.

Mama Adolphine alikisikia kikohozi kabla ya hatua. Hapo alifanya kosa ambalo mama yeyote wa Kapata angelifanya, aliloifundisha nusu ya mtaa kulifanya. Aliligeuzia dirisha mgongo, akavuta kitenge mpaka kidevuni, akachuchumaa kwenye kona kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka.

"Mama," ofisa akauliza, "mtu wako ndiye huyu?"

"Sura yake shiijue," kikajibu kitenge.

"Na wewe, bwana?" ofisa akamgeukia Guelord.

"Ni mama wa bibi yangu," Guelord alisema, naye ameinamia ukuta wa upande wa pili. "Mais shiwezi kumuangalia."

Watu wawili wanaodai kuwa ni jamaa, mmoja amechuchumaa na mwingine anasoma ukuta. Foleni ilianza kunong'ona. Ofisa alivua miwani yake, akawatazama kwa zamu, na uso wake ukalegea. Alikuwa Mbemba, mwana wa watu wenye buko kama Waluba na Walunda wa kule Kolwezi.

"Sasa nimewaelewa," akasema. "Mama, hata mimi kwangu nina mkwe, na nikimsikia anakuja nakimbilia jikoni. Lakini dirisha hili halina buko. Hapa nataka kusikia jina kutoka kinywani mwako, na nataka kuona kwamba mnajuana. Simameni pembeni kidogo, msemezane. Mimi sijaondoka."

Pembeni palikuwa na kivuli cha bati na bunda kubwa la vitenge, na juu ya bunda amekaa mwenyewe, mama mmoja wa Likasi aitwaye Fidélie, anayejulikana mpakani kote.

Mama Adolphine alisimama. Aliogopa, tusimfiche. Aliwaogopa wazee wasiokuwapo. Akilini akamwona yule kijana wa Kasulo akicheka mpaka anaanguka kwenye pikipiki yake. Aliogopa hasa kwamba, akifungua buko kiholela, balaa litamrudia mtoto aliye njiani, kwa maana hivyo ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha. Lakini huko mbele, Chingola, kuna mtu anamwita. Mara ya kwanza aliitwa akashindwa kufika kwa sababu ya karatasi. Je, mara hii ashindwe kwa sababu ya kitenge chake mwenyewe?

"Mama Fidélie," akasema, "hapa kuna mukwe anataka kufungula buko. Auzishiwe kitenge kimoja. Kizuri, hapana ya kuchuja."

Fidélie alishuka juu ya bunda. Alichomoa kitenge cha bluu chenye maua, Guelord akakilipia. Mama mwingine wa foleni alikuwa na mihogo na karanga kwenye kapu, akasogea navyo maana alijua kutakuwa na kula. Fidélie akasema yeye ni mzee wa upande wa mama. Mzee mmoja mwenye baiskeli, ambaye hakujulikana na mtu, akakubali kuwa mzee wa upande wa mkwe.

"Anapiga magoti?" Mama Adolphine akauliza chini ya kitenge.

"Anapiga," Fidélie akajibu.

"Magoti ngapi?"

"Moja."

"Apige yote mbili. Ni buko, hapana kufunga kamba ya kiatu."

Akina mama wakacheka, Guelord akapiga yote mawili kwenye vumbi, akanyoosha kitenge kwa mikono miwili. Mama Adolphine alikipokea, akajifunga kiunoni juu ya kile alichovaa. Kisha akavuta pumzi na kujifunua uso.

Alimwona. Alikuwa kijana kuliko sauti yake. Masikio yake yalikuwa makubwa, na mafuta ya gari yalikuwa yamebaki chini ya kidevu mahali ambapo sabuni haikufika. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama Adolphine alitambua mara moja kwamba kijana huyu alilia njiani kutoka kwenye gari, na kwamba hofu iliyomkaba yeye tangu simu ilipolia ilikuwa imemkaba na huyu vile vile, kwa sababu yule mtoto wa kwanza alikuwa wake pia, na siku ile hakuna mama mkwe aliyemtazama na kumwambia pole.

"Pole, mutoto wangu," akasema. "Nilichelewa kukuambia."

Walikula kipande cha muhogo, nusu yake na nusu yake, na punje za karanga kutoka kiganja kimoja. Mzee wa baiskeli alisema amina. Fidélie alipiga kigelegele, foleni ikaitikia, na mlinzi aliyekuja kuona kuna fujo gani akaondoka na karanga.

Wakarudi dirishani bega kwa bega.

"Anaitwa nani?" ofisa akauliza.

"Guelord," Mama Adolphine akasema kwa ile sauti ya kwaya. "Guelord Mukalay. Mukwe wangu."

Muhuri ukagongwa.

Njia ya kurudi alikaa kiti cha mbele. Aliongea mwendo mzima, kuhusu breki, kuhusu ndizi, kuhusu uimbaji wa Guelord ambao ulikuwa na makosa kwenye ubeti wa pili, na Guelord aliitikia "ndiyo, mama" huku machozi yanamtoka na gari linakwenda sawasawa.

Kliniki waliingia pamoja, wakiwa wameshikana mikono bila kujua ni nani aliyeanza kuushika wa mwenzake. Muuguzi aliwafungulia mlango wa wodi. Wivine alikuwa amelala ubavu, jasho limemjaa usoni, mtoto bado. Alimwona mama yake. Kisha akauona mkono wa mama yake ulipokuwa, akasahau uchungu kwa kitambo.

"Mama," akasema. "Bamekupatia siku ngapi?"

Mama Adolphine alikuwa ameshavua viatu na kukunja mikono ya blauzi, anapanda kitandani kumshika mgongo.

"Shikuangalia ile kashe," akamjibu. "Nilikuwa namuangalia bwana yako."